Njia ya Mwale: Hesabu za Majiranukta katika Tiba ya Saratani

Mgonjwa amelala chali juu ya kitanda chembamba, kichwa chake kimeelekea kwenye mashine. Mkono mkubwa wa chuma unamzunguka polepole, unasimama, na mwale wa eksirei usioonekana wala kuhisiwa unaupenya mwili wake kwa muda mfupi. Kisha mkono unahamia pembe nyingine na kusimama tena. Wataalamu wako nje ya chumba, nyuma ya ukuta mnene wa zege, wakimtazama mgonjwa kwa kamera. Hakuna kisu katika tiba hii. Kinachoiongoza ni tarakimu: nyuzi za pembe ya mkono wa mashine, nyuzi za pembe ya kitanda, nyuzi za pembe ya taya za chuma zinazoupa mwale umbo lake, na sentimeta za umbali.

Shabaha ya tarakimu hizo ni uvimbe wa saratani ambao pengine hauzidi ukubwa wa limau, nao umezungukwa na viungo vyenye thamani kubwa: uti wa mgongo, pafu, neva ya jicho. Mionzi huua chembe hai za saratani, lakini haina macho ya kuzibagua na chembe hai nzima. Ndiyo sababu mwale hupitishwa kutoka pembe kadhaa, ili njia zake zikutane penye uvimbe tu, na kila kiungo kinachopitwa njiani kipate sehemu ndogo. Mwaka 1976 Tume ya Kimataifa ya Vizio na Vipimo vya Mnururisho ilipendekeza kwamba dozi inayoufikia uvimbe isipishane na ile iliyokusudiwa kwa zaidi ya asilimia 5. Ndani ya asilimia hizo 5 lazima yaingie makosa yote pamoja: ya kupima mashine, ya kumlaza mgonjwa, ya picha, na ya hesabu.

Makala haya yanahusu sehemu moja tu ya hesabu hizo, nayo ni namna mpango wa tiba ulioandikwa kwa lugha ya mashine ya hospitali unavyofasiriwa kwa lugha ya programu inayoigiza safari ya mionzi mwilini. Mwalimu wa hisabati wa Kidato cha Nne ataona kwamba karibu zana zote zinazohitajika zimo katika mtaala wake.

Kwa nini dozi ihesabiwe mara ya pili

Kompyuta ya kupangia tiba hupata dozi kwa njia za mkato. Mkato wa kale zaidi ni kuuchukulia mwili kama maji, kwa kuwa misuli na mafuta havitofautiani sana na maji mbele ya eksirei. Katika nyonga au tumboni mkato huo hauleti hasara kubwa. Kifuani ni jambo jingine. Densiti ya pafu lililojaa hewa ni kama robo tu ya densiti ya maji. Fotoni ya eksirei inapogonga atomu ndani ya pafu hurusha elektroni, na elektroni hiyo, badala ya kusimama karibu kama ingekuwa katika misuli, husafiri mbali ikiichukua nishati yake. Njia za mkato hazioni safari hiyo vizuri, hivyo dozi inayoandikwa kwenye karatasi pembezoni mwa uvimbe wa pafu yaweza kuwa kubwa kuliko ile inayofika kweli.

Njia iliyo makini zaidi haina mkato. Kompyuta huzaa fotoni moja, huifuata hadi inapogonga atomu, hupiga kura kuamua imegonga kwa namna gani na itaelekea wapi, huifuata tena pamoja na kila elektroni iliyorushwa, na kuandika nishati iliyoachwa katika kila sehemu ya mwili. Kisha huzaa fotoni ya pili, na kuendelea hivyo mamilioni kwa mamilioni. Njia hii huitwa Monte Carlo, kwa jina la mji wa Monaco unaosifika kwa nyumba za kamari. Wazo lake la kisasa lilimjia mwanahisabati Stanislaw Ulam mwaka 1946, alipokuwa akiuguza maradhi na kujipitishia muda kwa karata za kucheza peke yake. Alijiuliza kama si rahisi zaidi kuucheza mchezo mara mia na kuhesabu ushindi kuliko kuutafuta uwezekano wake kwa kanuni. John von Neumann aliona mara moja faida yake kwa kompyuta za kwanza, na mwaka 1949 Ulam na Nicholas Metropolis walichapisha makala yaliyobeba jina hilo.

Gharama ya njia hii ni muda. Kosa la nasibu hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fotoni. Anayetaka kulipunguza kutoka asilimia 2 hadi asilimia 1 hana budi kufuata fotoni mara nne zaidi, na kompyuta iliyofanya kazi saa 10 itahitaji saa 40. Miongoni mwa programu za aina hii, zinazotumiwa sana ni zile za ukoo wa EGS. Toleo la nne lilitolewa mwaka 1985 katika maabara ya kiharakishi ya Stanford, Marekani, na toleo lililofuata, EGSnrc, linatunzwa na Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada. Programu hizo zinaweza kutumiwa bila malipo katika utafiti usio wa biashara, jambo ambalo vyuo vyenye fedha chache hulithamini.

Mwili kuwa matofali

Kazi ya kwanza ya mfasiri ni kuugeuza mgonjwa kuwa tarakimu. Hapa zinasaidia picha za vipande zinazopigwa kwa eksirei na kuundwa na kompyuta. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya namna hiyo London tarehe 1 Oktoba 1971, kwa mashine ya Godfrey Hounsfield. Hata hivyo hisabati yake ilikuwa imekwisha kushughulikiwa barani Afrika. Mwaka 1956 Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliombwa kusimamia matumizi ya isotopu katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Alishangaa kuona jinsi dozi zilivyopangwa kana kwamba mwili wote ni kitu kimoja, akaanza kutafuta namna ya kuupima mwili kwa ndani bila kuupasua. Yeye na Hounsfield walipewa pamoja Tuzo ya Nobeli mwaka 1979. Ni vyema kukumbuka kwamba swali la Cormack lilikuwa hili hili la dozi ya tiba, wala halikuwa swali la kupiga picha nzuri.

Kila picha ni jedwali la nukta, kwa kawaida 512 kwa 512, na kila nukta ina namba ya Hounsfield: maji ni 0, hewa ni 1000 chini ya sifuri, yaani –1000, na mfupa mgumu hupata mamia kadhaa hadi zaidi ya 1000. Picha 100 zikipangwa moja juu ya nyingine, mwili unakuwa ukuta wa matofali madogo 26,214,400. Kwa kuwa kompyuta ingechoka, matofali hayo huunganishwa kuwa makubwa zaidi, tuseme yenye upande wa milimeta 3, na idadi ikashuka chini ya milioni 3. Kisha namba ya Hounsfield ya kila tofali hugeuzwa kuwa densiti, na tofali hupewa jina la kitu: hewa, pafu, tishu laini au mfupa. Mara nyingi majina manne hayo yanatosha.

Kuna mitego miwili midogo ambayo imewatesa watu wengi. Kanuni ya kimataifa ya kuhifadhi picha za tiba, iitwayo DICOM tangu mwaka 1993, huandika urefu kwa milimeta; programu ya uigizaji husoma sentimeta. Kosa hili lina rehema kwa sababu ni kubwa mno: mgonjwa mwenye kifua cha mita 3 hujulikana mara moja. Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa kuwa hauonekani. Kanuni hiyo hutaja mahali pa kitovu cha nukta ya kwanza ya picha, lakini programu ya uigizaji huuliza mahali pa kingo za tofali. Asiyelijua hilo huusogeza mwili mzima kwa nusu ya tofali, yaani milimeta 1.5 katika mfano wetu. Mbele ya uti wa mgongo, mahali ambapo dozi imekusudiwa kushuka ghafla ndani ya milimeta chache, hilo si jambo la kupuuza.

Mkono, kitanda na mgonjwa

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Mashine ina majiranukta yake, na mgonjwa ana yake. Kwa kanuni ya Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, mtu akisimama chumbani akiitazama mashine, mhimili wa X unaelekea kuliani kwake, wa Y unaelekea kwenye mashine, na wa Z unaelekea juu darini. Mihimili hiyo imefungwa kwenye chumba. Mihimili ya picha, kwa upande mwingine, imefungwa kwenye mwili: x huelekea kushoto kwa mgonjwa, y huelekea mgongoni kwake, na z huelekea kichwani. Mgonjwa akilala chali, kichwa kwenye mashine, na kitanda kikiwa nyuzi 0, kushoto kwake ndiko kuliani kwa mtazamaji. Mgongo wake uko chini. Kichwa chake kiko upande wa mashine. Kwa hiyo:

x = X;  y = –Z;  z = Y

Pembe ya mkono wa mashine, ambayo hapa itaitwa M, ni 0 pale chanzo cha mwale kinapokuwa juu kabisa, nayo huongezeka kwa mwendo wa mishale ya saa mbele ya macho ya mtazamaji. Pembe ya kitanda, K, huongezeka kinyume cha mishale ya saa kwa mtu anayetazama kutoka darini. Mkono na kitanda vyote huzunguka nukta moja ya angani, ambayo uvimbe huwekwa hapo.

Kitanda kinapozungushwa, chanzo cha mwale hakijahama hata kidogo. Lakini kwa mgonjwa ni kama chanzo ndicho kilichozunguka kwa upande wa pili, kama abiria wa gari moshi anavyoiona miti ikirudi nyuma. Programu ya uigizaji hukaa ndani ya mgonjwa. Haina habari ya kitanda wala ya chumba. Kwa hiyo mzunguko wa K hauna budi kugeuzwa alama. Matokeo, umbali kutoka nukta ya mizunguko hadi chanzo ukichukuliwa kuwa 1, ni haya:

x = sin M × cos K
y = –cos M
z = –sin M × sin K

Wanafunzi wanaweza kuyajaribu kwa kujumlisha miraba mitatu. Jibu daima litakuwa 1, na kama si 1, kuna aliyekosea. Katika viharakishi vingi umbali wenyewe ni sentimeta 100. Katika mashine nyingi za kobalti-60, kama zilivyotumika kwa miaka mingi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kabla ya viharakishi kufika, umbali ni sentimeta 80, lakini milinganyo haibadiliki.

Programu ya uigizaji haitaki x, y na z moja kwa moja, bali pembe. Moja, θ, hupimwa kutoka mhimili wa kichwani. Nyingine, φ, hupimwa kutoka mhimili wa kushoto kuelekea mgongoni. Hivyo cos θ = z, na tan φ = y ÷ x. Kwa macho hakuna rahisi zaidi ya hapo.

Msomaji na achukue kikokotoo na kuweka M = 300, K = 0. Atapata x = –0.866, y = –0.5, z = 0. Pembe θ ni nyuzi 90. Akigawanya y kwa x atapata 0.577, na kikokotoo kitamwambia kwa ukarimu wote kwamba φ ni nyuzi 30. Jibu hilo ni la uongo. Alama za kutoa zimefutana katika kugawanya, na habari iliyokuwa ndani yake imepotea. Jibu la kweli ni nyuzi 210, kwa sababu x na y zote ni chini ya sifuri: chanzo kiko upande wa kulia na mbele ya mgonjwa. Mwale wa nyuzi 30 ungeingia kwa nyuma, upande wa kushoto, kinyume kabisa cha ule uliopangwa. Na kwa M = 30, K = 90, x inakuwa 0 na kikokotoo kinakataa kugawanya, ingawa mwale wenyewe hauna ajabu yoyote: unaingia kwa mbele, kutoka upande wa miguuni, θ ikiwa 120 na φ ikiwa 270. Dawa yake ni kutogawanya kabla ya kutazama alama. Lugha nyingi za kompyuta zina kanuni ya tanjenti ya kinyume inayopokea x na y mbali mbali, na mwanafunzi aliyefundishwa kuichora nukta kwenye robo yake kabla ya kushika kikokotoo anafanya jambo lile lile kwa penseli.

Yote hayo ni kwa mgonjwa aliyelala chali. Akilala kifudifudi, x na y hubadili alama. Akiingizwa miguu kwanza, x na z hubadili alama. Alama moja iliyosahauliwa kwenye x humhamisha mgonjwa wa pafu la kushoto kuwa mgonjwa wa pafu la kulia, bila ya kompyuta kutoa onyo lolote, kwani kwake vyote viwili ni vifua halali.

Kitabu juu ya dawati

Imebaki pembe ya tatu, ile ya taya. Mwale si uzi; una upana na urefu, tuseme sentimeta 4 kwa 12, na taya huzunguka ili upande mrefu ufuate umbo la uvimbe. Mkono na kitanda vinapozunguka pamoja, upande huo mrefu hugeuka nao kwa namna ambayo hata waliobobea hushindwa kuiona kichwani.

Sababu yake inaweza kuonyeshwa darasani bila gharama. Mwanafunzi aweke kitabu mezani, jalada juu, kichwa cha kitabu kikielekea mbele. Akizungushe robo mzunguko kwa mwendo wa mishale ya saa, kisha ainue ukingo wa mbele mpaka kitabu kisimame: jalada linamtazama, na maandishi yamelala ubavu. Sasa aanze upya, ainue kwanza, ndipo azungushe. Safari hii maandishi yamesimama wima, lakini jalada linatazama kushoto kwake. Mizunguko ni ile ile miwili. Mpangilio wake tu ndio uliobadilika. Mjumlisho wa kawaida haujali nani ametangulia, ila mizunguko ya angani inajali, na ndiyo sababu haitoshi kujumlisha pembe ya kitanda kwenye pembe ya taya, kama wengi wanavyoshawishika kufanya. Njia salama ni kuchukua vekta inayofuata ukingo mrefu wa mwale, kuipitisha katika mizunguko yote kwa mpangilio wake halisi, kisha kuuliza programu ya uigizaji inahitaji pembe gani ili ukingo wake ulale juu ya vekta hiyo.

Kinachochekesha kidogo ni kwamba jaribio ambalo watu hupenda kulianza nalo, mwale wa mraba wa sentimeta 10 kwa 10 kutoka juu kabisa, haliwezi kufichua karibu kosa lolote kati ya yaliyotajwa. Mraba ukigeuzwa nyuzi 90 ni mraba ule ule. Ukichukuliwa kama kwenye kioo ni ule ule. Jaribio la maana hutumia umbo lisilo na ulinganifu, mathalani la herufi L, na pembe zisizo za duara kamili, kama 37 na 22, ili kosa lisipate pa kujificha.

Kosa la Panama

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wanahisabati. Kati ya mwaka 2000 na 2001, nchini Panama, wagonjwa 28 walipewa dozi iliyozidi sana ile iliyokusudiwa. Mashine ilikuwa nzima. Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu waliochunguza waliona kwamba tatizo lilianzia kwenye namna maumbo ya vipande vya risasi, vinavyowekwa kuzuia mwale usifike mahali fulani, yalivyoingizwa katika kompyuta ya kupangia tiba. Kompyuta iliruhusu vipande vinne. Madaktari walihitaji kuongeza cha tano. Wahusika wakatafuta njia ya kuvichora vyote kama kipande kimoja chenye tundu. Kwa namna moja ya kuchora, kompyuta ilipokea mchoro bila kulalamika na kutoa muda wa tiba uliokaribia mara mbili ya uliostahili. Vifo vya baadhi ya wagonjwa vilihusishwa na mionzi hiyo. Hesabu ya mkono ya dakika chache, iliyofanywa na mtu wa pili kwa njia nyingine, ingelionyesha kosa.

Uigizaji wa Monte Carlo umekusudiwa kuwa mmojawapo wa wahesabuji hao wa pili, na ndiyo maana mfasiri wa majiranukta hapaswi kuutumia mchoro ule ule wa kompyuta ya kwanza bila kuukagua. Akirithi kosa lake, kompyuta mbili zitakubaliana juu ya uongo.

Kwa hiyo kazi huanzia kwenye pipa la mraba la maji, upande sentimeta 30, lililojengwa ndani ya kompyuta. Mwale wa megavolti 6 ukishuka majini, dozi kubwa kabisa hutarajiwa kama sentimeta 1.5 chini ya uso wa maji. Kwa kobalti ni kama nusu sentimeta. Yakipatikana hayo, pipa huinamishwa, mkono na kitanda hugeuzwa, herufi L hutafutwa mahali ilipoangukia. Baada ya hapo tu ndipo picha za mgonjwa huingizwa na kompyuta kuachwa ikifanya kazi usiku kucha. Asubuhi ramani mbili za dozi huwekwa pamoja. Zikipishana ndani ya pafu na pembezoni mwake peke yake, hilo ndilo lililotafutwa, na daktari huitwa auangalie mpango upya. Zikipishana kila mahali, mtaalamu hashuki haraka kuilaumu fizikia. Hurudi kwenye karatasi yake na kutafuta alama ya kutoa iliyoachwa njiani.